Pettaway Alivyoisifu Kazi Aliyoitaka Mwenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Novemba imekaza mjini Harmon Bend, Mississippi, na Lavelle Pettaway anawafokea vijana wanene wa safu ya ulinzi.

"Kiuno chini! Chini! Mbona umesimama kama unangoja kupigwa picha?"

Wanacheka, wanainama.

Kocha mkuu wa futiboli ya chuo, ile ya Kimarekani ya kofia ngumu, amefukuzwa Jumapili. Pettaway, msaidizi kwa miaka kumi na tisa, ndiye anayeishikilia timu. Hii ni mara ya tatu. Mara mbili alishikilia, akashinda, akaambiwa asante sana, rudi kwenye safu yako.

Tuliokuwapo hatujasahau. Mara ya kwanza wakubwa wa chuo walitaka "sura mpya". Sura ile ikatimuliwa baada ya misimu miwili, ikalipwa fidia ya kukaa nyumbani. Mara ya pili wakataka "jina kubwa". Jina lile halikujua hata njia ya kwenda shule za sekondari za hapa wilayani, wanakotoka wachezaji.

"Andika nina wivu," ananiambia Pettaway mgahawani, akitafuna kambare wa kukaanga. "Usiandike nimeumia. Wivu! Mimi napata dola elfu sitini kwa mwaka. Kocha mkuu anapata laki nne, na nyumba, na gari, na akifukuzwa analipwa. Mimi nikifukuzwa naazima lori la shemeji nihame."

"Hata usingizini anaitaja ile ofisi," anadakia mkewe, Odessa. "Mimi hajawahi kunitaja."

Wiki hii mji mzima unatazama ndege. Ndivyo mashabiki wanavyomnusa kocha mpya: wanafuatilia kwenye simu ndege ndogo za matajiri wa chuo, zimetoka wapi, zinatua wapi.

"Wewe Pettaway hatuwezi kukufuatilia," anamtania Hoyt, mwenye mgahawa. "Unakuja na pikapu."

"Ndilo kosa langu, Hoyt. Naishi karibu mno."

Jumanne mkurugenzi wa michezo alimtuma kiwanja cha ndege cha wilaya ya jirani, kukwepa macho ya mashabiki, akampokee mgombea. Aliyeshuka ni Cody Rademaker, mwenye miaka thelathini na minne, aliyeanza ukocha kwa kumbebea Pettaway koni za mazoezi.

"Kocha Pett! Wamekutuma wewe?"

"Wamenituma mimi. Panda."

Njiani Rademaker akauliza: "Niambie kweli, Kocha. Kazi hii inafaa?"

"Pale ningeweza kummaliza," anasimulia Pettaway. "Ningemwambia rais wa chuo ndiye anayepanga timu. Angerudi na ndege ileile."

Akafungua mdomo adanganye. Yakatoka mengine. Akamwambia shule za sekondari zimeuzunguka mji, na Sekondari ya Tallow peke yake haikosi majitu ya safu ya mbele kila mwaka. Kwamba mama zao hawataki watoto waende mbali. Kwamba rais wa chuo haji mazoezini, msimu mmoja mbaya anauvumilia, na matajiri wa hapa wakishatoa pesa wananyamaza. Jimu la mazoezi linavuja, ndiyo, lakini hakuna kijana aliyewahi kuhama kwa sababu ya paa.

"Ni kama mtu kaja kumposa mke wangu," anasema, "akaniuliza anapika vipi, nami namweleza mpaka mchuzi."

Alhamisi Rademaker akatangazwa kocha mkuu, bendi ya chuo ikampigia muziki. Wakubwa wakasema "nguvu mpya". Hiyo nayo tumeiweka akilini.

Baada ya sherehe, Rademaker akamwomba Pettaway abaki kuwa msaidizi wake.

"Kina mama wote wa hapa wanakujua wewe, Kocha. Bila wewe siwezi."

"Najua huwezi," Pettaway akamjibu, akaenda zake.

Kesho yake alikwenda Sekondari ya Tallow, ambako kocha mkuu anastaafu. Mshahara ni mdogo kuliko wa chuoni, na Odessa anasema mumewe amerukwa na akili. Shule imemchukua. Anaanza Januari, kocha mkuu kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Vijana anaowataka Cody watapita mikononi mwangu kwanza," anasema Pettaway. "Kila mwaka atakuja, atabisha hodi, atavua kofia, ataniomba."

Naye atamfungulia?

"Nitamfungulia," anasema, akivuta sahani ya kambare karibu. "Nikishamaliza kula."