Hazina ya Michezo Jikoni kwa Jemima

Gamaliel alikuwa amefundisha mazoezi ya viungo kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwili wake ulibaki mwembamba na wima kama mlingoti, lakini bendera juu ya mlingoti wa shule zilikuwa zimebadilishwa mara nyingi mno, naye siku hizo hakuinua tena macho kuangalia ni ipi inayopepea.

Katika mwaka wa tatu wa vita vya pili, vile vya waasi na majeshi ya nchi jirani, alikuwa msimamizi wa michezo wa institi moja ya juu, chuo kilichojengwa kwa michango ya wazazi juu ya kilima cha Butembo, upande wa kutokea Vuhovi. Institi ilikuwa na vyumba vichache vya kusomea, maktaba yenye kufuli zuri, na timu ya mpira. Timu ilichezea mpira mmoja ulioshonwa na fundi viatu mara nyingi hadi umbo lake likaanza kufanana na kiazi. Viatu navyo vilikuwa haba. Gamaliel alivigawa kwa haki: anayepiga kwa mguu wa kulia alipewa cha kulia, anayepiga kwa mguu wa kushoto alipewa cha kushoto, na kwa njia hiyo jozi moja ilitosha watu wawili.

Si kwamba ada ya michezo haikulipwa. Ililipwa na kila mwanafunzi. Ila noti za serikali zilikuwa zimegeuka makaratasi, dola zilikuwa za wafanyabiashara, na ng'ombe na mbuzi walikwisha kuondoka na wanajeshi wa kila rangi ya kofia. Kilichobaki katika nyumba za wakulima ni simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaolala jikoni karibu na meko na kula majani ya viazi. Mwanajeshi hawezi kuwaswaga barabarani. Basi ikaamuliwa kwamba ada ya michezo ni simbilisi wawili kwa mwaka, dume na jike.

Na kwa kuwa Butembo kuna baridi, na simbilisi huhitaji moto, hazina ikalazwa jikoni kwa Gamaliel. Mkewe, Jemima, alikubali kuwalisha kwa sharti moja, kwamba asiitwe mtunza hazina. Watunza hazina waliotangulia walikuwa wamekwenda Kampala kununua mipira, na hadi leo wanachagua.

Mwanzoni kamati ya michezo ilikuwa ya watu wanne. Walikutana kila Ijumaa, na kwa kuwa kikao kisicho na chakula ni porojo tu, Jemima alichinja na kupika. Lakini hazina ilizaa kuliko walivyoweza kula. Ndipo kamati nayo ikaanza kuzaana. Akaongezwa makamu wa prezida, kisha msaidizi wa makamu. Akaongezwa padri, na Waprotestanti wakadai mchungaji. Ikaletwa kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa hawa na chai kwa wale, ili umoja wa institi usivunjike wakati nchi nzima imevunjika. Aliongezwa hata mshauri wa kuogelea, ingawa institi haikuwa na maji ya kunawa.

Prezida wa kamati alikuwa Timothée, mwalimu wa uhasibu, mtu wa suti moja iliyopigwa pasi hata mifukoni. Yeye ndiye aliyeandaa kanuni mashuhuri ya kamati. Siku moja katibu alitoka kabla ya wakati na paja la simbilisi ndani ya koti. Kesi yake ilichukua vikao kadhaa, vyote na chakula, na mwishowe wakapiga kura: kikao hakifungwi kabla sahani hazijarudi jikoni, na mjumbe haruhusiwi kutoka kikao kikiwa wazi.

Gamaliel alikaa katika vikao hivyo akitazama mchuzi. Mawazo yake yalikuwa kwa Nzanzu, mshambuliaji wake, mtoto wa wakulima wa Kayna. Mabeki wawili walikwisha kuingia porini kujiunga na wenye bunduki, na hakuna aliyeaga. Nzanzu angalau alikuja kusema.

"Nachoka kucheza na muguu moja, Mwalimu," alisema, kiatu chake cha kulia mkononi. "Kule mu pori kila mutu banamupa buti mbili."

"Ngoja tucheze Beni kwanza," Gamaliel alimjibu.

"Beni tutaenda kweli?"

"Tutaenda."

Alisema hivyo kwa sababu barua ya mwaliko ilikuwa imefika: institi ya Beni ilitaka mechi ya kirafiki, Jumapili, kwenye uwanja wa Mulekera. Kakule, dereva wa kamyo iliyobeba maharagwe, alikubali kuwapeleka bure. Juu ya magunia, alisema, watu kumi na tano wataenea. Wa kumi na sita ataanguka.

Kamati ilijadili safari kwa furaha kubwa. Ilipofika jioni, nafasi kumi na nne zilikuwa za wajumbe. Gamaliel aliuliza kwa adabu wachezaji watapanda wapi. Timothée alieleza kwamba institi huwakilishwa na viongozi wake, kwamba ile nafasi moja iliyobaki wachezaji waigawane wenyewe, na kwamba wengine ni vijana, wanayo miguu. Ilikuwa barabara ambayo watu walikuwa wanaokotwa wafu kando yake. Kisha wakapanga kikao cha kuagana, asubuhi ya safari, nyumbani kwa Gamaliel.

Nyumbani Gamaliel alikaa karibu na meko, simbilisi wakipita juu ya vidole vya miguu yake. Hatimaye alimwambia mkewe apike wote.

"Wote, Baba Hadassa?" Jemima aliuliza. "Hata bale benye mimba?"

"Wote."

Jemima aliangalia pembe za jiko moja moja. "Basi nitapika na kuni ya mubichi," alisema.

Jumamosi asubuhi wajumbe walifika na mabegi yao. Wachezaji walikwisha kuambiwa na Gamaliel wangoje barabarani, chini ya kilima. Kikao kilifunguliwa kwa sala mbili. Jikoni mikaratusi mibichi ilitoa moshi mwingi na moto kidogo, na ndani ya moshi ilipenya harufu ambayo wajumbe hawakuwahi kuinusa kwa wingi kama huo. Msaidizi wa makamu alisahau hoja yake katikati.

Honi ya Kakule ikalia bondeni. Wajumbe wakamtazama prezida, prezida akatazama mlango wa jiko. Ikalia mara ya pili, ndefu zaidi.

"Mwalimu," Timothée aliuliza, "ile kamyo inaweza kutuacha?"

"Mnaweza kufunga kikao, Prezida," Gamaliel alisema. "Chakula tutakigawa kwa majirani."

Hakuna aliyesogeza kiti. Mchungaji alikohoa kwa sababu ya moshi. Timothée alinyoosha tai yake, akasema kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba kamyo haiwezi kuondoka bila ujumbe. Kamyo ikaondoka bila ujumbe. Waliisikia ikibadilisha gia kwenye mlima, na juu ya mngurumo wake sauti za vijana wakiimba.

Baada ya kula, wajumbe waliuliza ni nani aliyewaruhusu wachezaji kusafiri. Iliitishwa kamati ya uchunguzi kwa Jumatatu asubuhi. Lakini habari ikaenea kwamba jikoni hakuna kitu, na Jumatatu hakuja hata mwenyekiti wake.

Gamaliel hakuwa amelala tangu kamyo iondoke. Alfajiri jiko lilikuwa kimya, bila zile sauti nyembamba za kudai majani, na katika ukimya huo aliisikia barabara yote ya Beni, kila barieri ya wanajeshi, kila kona yenye gari lililoungua. Ni yeye aliyewapandisha. Alikuwa amengoja mechi kama hiyo miaka mitatu, na ilipochezwa alikuwa kitako nyumbani, na harufu ya moshi katika shati lake.

Kamyo ilirudi Jumatatu mchana. Alisimama mwanzo wa mji na kuwahesabu wakishuka, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Nzanzu alishuka wa mwisho, akichechemea.

"Balitupiga goli ine kwa mbili, Mwalimu. Ile mbili ni ya mimi." Alipangusa uso. "Banasema batakuja huku, ku marudiano. Ni siku gani?"

Gamaliel aliwaza jiko tupu, na wageni kumi na mmoja watakaotaka kula. Kisha akaona kiatu alichoshika kijana, soli imefunguka kama mdomo.

"Nipe kwanza hicho kiatu," alisema. "Nakipeleka kwa fundi."