Paji la Uso la Wawira

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize. Haya sikuambiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Unaujua huu mlima ulio nyuma ya Runyenjes? Pale juu palikuwa na msitu wa wazee wetu, na hata tawi likianguka lenyewe hakuna aliyeokota. Wakoloni walikuja wakaondoka, hawakuugusa. Ni miaka ya themanini, sisi wenyewe na Uhuru wetu, tulipoambiwa maendeleo yamefika. Tingatinga likapasua barabara mpaka kileleni, miti ikalala chini. Mama mkwe wangu akanikataza kabisa: kuni zile zina wenyewe. Lakini mimi mtu wa kanisa niogope miti? Mvua ilikuwa imeanza na jikoni sina hata kijiti.

Nikapanda na Wawira, binti yangu wa kwanza, hata meno hajaota. Nikamlaza kwenye leso, nikafunga mzigo. Sasa, aliyebeba kuni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, anajua huwezi kujitwika na kumwokota mtoto peke yako. Ukungu ukashuka. Akatokea nyanya mmoja nisiyemjua, nikamwomba msaada. Akanitwika vizuri, akamwokota mtoto. Nikanyoosha mikono nimpokee.

"Tangulia," akasema. "Mimi nitambeba."

Nikamshukuru, niamini. Tukiteremka nilimsikia Wawira nyuma yangu akicheka, halafu akanyamaza. Nikaita, kimya. Mukwa haukuniruhusu kugeuza shingo. Nikajaribu kutua mzigo, ukakataa kushuka. Wacha nikuambie, hofu ile sijawahi kuiona tena. Nikalia nikiomba nirudishiwe mwanangu.

"Wewe umebeba wangu," sauti ikasema sikioni. "Mimi nimebeba wako."

Nikaupanda tena mlima na ule mzigo, nikianguka na kuinuka. Nilipofika penye visiki, kuni zikaanguka zenyewe. Wawira alikuwa amelala juu ya kisiki, mzima, macho wazi. Kwenye matope kulikuwa na nyayo zangu tu.

Nilipomfuta mvua usoni, kidole kikazama. Kwenye paji lake kulikuwa na mfereji, ule wa nyanya zetu waliovuta mukwa maisha yao yote. Mtoto wa kunyonya! Mama mkwe alipouona hakunigombeza. Alikaa chini akalia.

Wawira sasa anauza nguo Embu mjini, kitambaa amekishusha mpaka kwenye nyusi. Kuni hajabeba hata siku moja, lakini kila jioni analalamika shingo inamuuma.

Juzi watu wa maendeleo wamekuja tena kupima mlima, eti wanajenga hoteli ya wageni. Miti iliyobaki italala, na najua mtaenda kuokota, kwa sababu cha bure ni kitamu. Ziacheni kuni hizo. Wawira alijifungua mwezi uliopita, na kabla sijauliza ni mvulana au msichana, nilimgusa mtoto kwenye paji la uso. Mfereji upo. Ni mdogo, lakini kidole kinaingia.