Mluzi Kifuani mwa Saidi

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa miguu yangu na ndoo yangu ya maji. Siku hiyo mwanangu Saidi (ndiyo kwanza anatambaa) kifua kilimpiga mluzi tangu alfajiri, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na jirani yangu Bi Mize kawasha makumbi ya nazi chini ya uchaga anakausha mbata zake, moshi wote unaingia kwangu, basi subira ikanikatika, nikaumwagia moto wake maji mbele za watu, na mbata nazo zikalowa.

"Shikamoo Bi Mize, lakini unaniulia mwanangu!"

"Marahaba. Unanimwagia maji kisha ndiyo unaniamkia? Kweli chuoni ulifunzwa adabu!"

Watu wakaangua kicheko. Nikaapa kumshitaki kwa akida.

Siku ya tatu tukasimama barazani. Mimi (msomi, ninayewaandikia barua wanawake wa kijiji kizima cha Bweni) nilikuwa nimejipamba, nguo nimezifukiza udi tangu jioni kama nifanyavyo kila siku, Saidi kalala pale pale kando ya chetezo, maana nani aende kwa akida ananuka jiko? Nikasema weee, mkono kiunoni, nikaeleza moshi unavyombana mtoto kifua, mpaka Saidi niliyembeba akalia, nikamfunika kwa kanga yangu anyonye. Mluzi ukaanza. Baraza zima wakausikia.

Akida akaniangalia. "Binti, moto wa Bi Mize umeuzima wewe tangu juzi. Huyu anabanwa na moshi gani?"

Bi Mize hakungoja nijibu, alinifunua kanga, akainusa, akaitupa uani, akamwinua Saidi kwenye upepo.

"Mwana wee, umemtia chetezoni!"

Pumzi zikamrudia polepole. Mimi jasho linanitoka, machozi yananitoka, sijui lipi nifute kwanza.

Karani akauliza kama bado nashitaki. Nikasema ndiyo, lete kalamu, naandika mwenyewe:

"Mimi Mwanaidi binti Hamisi wa Bweni namshitaki Mwanaidi binti Hamisi wa Bweni, kwa kumfukiza mwanawe udi kila jioni, na kwa kulowesha mbata za Bi Mize. Naomba aamriwe azikaushe upya kwa mikono yake, na chetezo kisiingie tena chumbani mwake. Na uchaga wa Bi Mize usogezwe nyuma ya nyumba, maana moshi wa makumbi nao ni moshi."