Bwawa Lililoelea

Ilikuwa Jumamosi, saa tisa kasoro alasiri, mvua ilipoanza kunyesha Ilemela. Niliikumbuka siku hiyo juzi, baada ya kuliona lile bwawa alilolitengeneza baba, liko Kisesa, kando ya barabara, ng'ombe wakinywea ndani yake.

Baba alikuwa fundi wa boti za faiba. Bwawa la kuogelea la Mama Koku, mteja wake aliyeishi mlimani, lilikuwa lake la kwanza, na alitumaini majirani wa huko wakiliona nao wataagiza. Lilikuwa limeshashushwa kwenye shimo nyuma ya nyumba, bado linanuka gundi. Lilitakiwa kujazwa maji siku ileile ili litulie, ila bomba halikuwa limetoa maji tangu Alhamisi.

Maji ya mvua yakateremka kwenye majabali, yakajaa shimoni chini yake. Bwawa likaguna, likaanza kuinuka. Baba na wenzake wawili waling'ang'ania kingo zake, likapanda tu.

Mimi nikapiga makofi. Ziwani, boti mpya ya baba ikielea, wote tulikuwa tunapiga makofi.

"Baba, linaelea!"

"Fundi," Mama Koku akasema kutoka barazani, "niliagiza bwawa, umeniletea mtumbwi?"

Wale wenzake baba wakacheka. Baba alinitazama mimi, na sikuelewa kwa nini alikuwa kama anataka kulia. Sasa naelewa, na bado naona aibu.

Asubuhi yake nilimwamkia, "Shikamoo baba." Hakuitikia. Nikachukua kopo, nikapanda peke yangu hadi kwa Mama Koku, nikaanza kuchota maji shimoni ili bwawa lishuke tena.