Klimatizeri ya Jipu Haikukosa Gazi

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kwenye garaji ya Burungu, Shefu Elektrisié, mukubwa wa mafundi wa umeme, hakunipa ufunguo wa kufungulia nati hata mumoja. Alinisimamisha mbele ya gari, kapo, kifuniko cha moteri, iko wazi, akaniambia nifunge macho. Akawasha klimatizeri, ile mashine ya kupoza hewa ndani ya gari, akazima, akawasha. Kila mara nilisikia kitu kinagonga: tak.

"Ile njo ambreyaji ya kompresa," akasema. "Bobini, ile waya ya kuzungushwa, inapata umeme, inakuwa sumaku, inavuta kisahani kinashikana na puli, gurudumu linalozungushwa na mukaba wa moteri. Hapo kompresa inazunguka, inasukuma gazi ya kupoza. Usiposikia tak, usiguse gazi kama hujapima."

Naandika haya kwa wasichana waliomaliza sekondari kama mimi na wanataka kuingia garaji. Sijafika miaka makumi tatu, na kazi nimekwisha kuiacha. Mutajua sababu.

Nikaolewa Kashebere, nikaingia garaji ya pale chini ya Shefu wa Atelie, mukubwa wa mafundi wote. Huyu alikuwa na dawa moja: klimatizeri ikisumbua, anaweka gazi. Watu wanafikiri klimatizeri ni starehe ya wakubwa. Kwetu milimani, mvua ikipiga na watu wamejaa ndani wanapumua, parabrizi, kioo cha mbele, inakuwa nyeupe, na ile hewa kavu njo inamurudishia shofa macho. Jipu ya kubeba wagonjwa ilikuwa na ugonjwa wake: asubuhi klimatizeri inafanya kazi, kwenye kupanda, moteri ikipata moto, inaacha. Ikipoa, inarudia. Shefu aliweka gazi mara tatu. Nilimuambia tungoje ikatae, tupime hapohapo. Akacheka mbele ya wote.

"Mama Tumbo, wewe ngojea mutoto. Gari uniachie."

Mutoto akakaa vibaya tumboni, munganga akasema twende Masisi. Wakanilaza nyuma ya jipu ileile. Katikati ya mulima mvua ikatukuta, parabrizi ikafunga. Mama mukwe anapangusa na kitenge, Papa Shofa, muendeshaji wa jipu, ametoa kichwa dirishani. Gurudumu moja likashuka ukingoni. Tukasimama. Mimi sikuona kilichokuwa chini. Mama mukwe aliona, akaanza kuomba.

Nilikuwa nasikiliza, kati ya uchungu na uchungu. Hakuna tak.

"Papa, usizime moteri. Fungua kapo. Lampi yangu ya kupimia iko ndani ya sakoshi ya nguo za mutoto."

Alipima waya ya kompresa, lampi ikawaka. Basi umeme unafika. Na kama gazi ingekuwa kidogo, presostati, kile kifaa kinacholinda kompresa, kingekata umeme. Ubaya ulikuwa kwenye ambreyaji yenyewe.

"Twaa kijiti kirefu, mukono mbali na mukaba. Sukuma kile kisahani mbele ya puli."

"Mama, wewe unazaa ao unatengeneza?"

"Sukuma, Papa."

Tak.

Parabrizi ikafunguka polepole kutoka chini. Akarudi nyuma, gurudumu likapanda barabarani. Ambreyaji iliachilia mara mbili tena, na mara mbili tulisimama na kijiti chetu. Binti yangu alizaliwa Masisi, juu ya kitanda.

Nilipopata nguvu nilirudia garaji, yeye mugongoni. Kisahani kilikuwa kimelika, nafasi kati yake na puli imepanuka. Bobini ikipata moto, sumaku inalegea, haikivuti tena. Nilitoa rondele moja, pete nyembamba ya chuma, nyuma ya kisahani, nafasi ikarudia ndogo. Kazi haikumaliza nusu saa. Papa Shofa alipokuja kuchukua jipu, Shefu akamuambia ilikuwa gazi, ameiongeza. Kisha akanigeukia: "Mama, garaji siyo pahali pa kunyonyesha. Rudia nyumbani."

Nikaweka rondele ndani ya mukono wa Papa Shofa.

"Gazi yake njo hii," nikasema, nikavua kombineso yangu ya kazi.

Leo nalima maharagi. Rondele inaning'inia kwenye ufunguo wa jipu, na klimatizeri haijakataa tena. Hasira yangu iko pale pale, lakini siyo kwa Shefu peke yake. Wasichana, ingieni. Fungeni macho, sikilizeni, na mukijua, pimeni palepale, hata wakicheka. Mimi nilisema mara moja, wakacheka, nikanyamaza. Safari iliyofuata, aliyelala nyuma ya jipu ile ni mimi.