Mama Fungua na Punguzo Lake

Wifi yangu hununua chuma chakavu. Uani kwake kumejaa fremu za baiskeli, majiko yaliyotoboka na kompresa za friji, na katikati imesimama mizani ya jukwaa inayobeba hata injini ya gari. Jina alilopewa na wazazi wake halitumiki tena. Watu humwita Mama Fungua. Mletee kompresa, uape kwa mbingu na ardhi kwamba ndani ni shaba tupu, hatabishana nawe. Atakunyooshea bisibisi. "Fungua." Maana watu hutia mchanga, hutia maji, ilimradi kilo zipande.

Mimi nauza vitambaa kwa mita, mlango wa pili kutoka kwake. Nimeolewa na kaka yake, na kwa miaka ishirini na miwili hatujakubaliana nani kati yetu anapunja zaidi.

Kila Jumatatu asubuhi alipanda mwenyewe kwenye ile mizani. Kilo mia na ishirini na nane.

"Shaba tupu hii, wifi," angesema.

"Fungua tuone," ningemjibu.

Utani ulipoa mwaka ule dada yake alipofariki kwa saratani ya titi. Mama yao naye alichukuliwa na saratani hiyohiyo. Wifi alimaliza matanga, akafunga geti, akanivuta hospitali. Alitaka kujua zamu yake inaahirishwaje.

Daktari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu, alimpima presha na sukari, akayatazama magoti yake, akapendekeza operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula. Akaongeza kwamba mwanamke akishakoma hedhi, mafuta ya mwili huendelea kutengeneza homoni ambayo saratani nyingi za matiti huipenda. Tafiti zilikuwa zimeona kwamba wanawake waliofanyiwa operesheni ile walipata saratani hiyo kwa uchache kuliko wenzao wa uzito ule ule ambao hawakufanyiwa.

"Kwa hiyo inapunguza hatari," alisema.

"Punguzo la kiasi gani?"

"Kwako wewe siwezi kukuahidi namba."

"Daktari, punguzo lisilo na namba ni salamu tu. Haya, na tumbo litabaki kiasi gani?"

"Kama ndizi moja."

"Niachie mbili."

"Mama, hapa si sokoni."

"Moja na nusu, tusigombane."

Akaachiwa moja. Mwaka wa kwanza alikula kama anayeonja chumvi. Wa pili ulipoisha, mizani ilisoma themanini na tatu, na waokota chuma wakaanza kumuuliza, "Dada, mwenye ua yuko wapi? Tunataka kuongea na yule mama mnene." Siku hizo walilipwa vizuri. Nilimwambia sifa zitamfilisi.

Hospitali ikapiga simu kumkumbusha picha ya matiti ya kila mwaka. Hakwenda. Wakapiga tena. Akaniambia, huku akikung'uta beseni, "Nimeshawapa robo tatu ya tumbo langu. Mimi na ile saratani tumemalizana."

Nilinyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na mimi si mtu wa kunyamaza.

Kisha asubuhi moja akaja dukani, akalishusha pazia la mlango wangu bila kuomba ruhusa. "Wifi, lete mkono." Akauweka chini ya titi la kushoto. Palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kinachoteleza.

"Kama goroli ya beringi," nilisema.

"Zamani ningekuwa nacho nisijue. Mafuta yalikuwa yanafunika."

"Basi twende."

"Siendi. Waliniambia wamepunguza. Wakikikuta ni saratani, nitakuwa nimekatwa tumbo bure. Kikae hukohuko, tutajuana mbele ya safari."

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Kumbembeleza sijui, wala yeye habembelezeki. Nikachukua mkasi wangu mkubwa, nikamnyooshea mpini kama anavyowanyooshea wenzake bisibisi.

"Mtu akikuletea mzigo akakuambia usifungue, unamlipa?"

Akanitazama. "Mshenzi wewe."

"Unamlipa?"

"Namfukuza."

"Haya. Vaa viatu."

Wakampiga picha, wakampitishia kile kifaa chenye jeli ya baridi, halafu daktari wetu yule yule akachoma sindano na kuvuta. Goroli ikanywea. Kwenye bomba la sindano palikuwa na maji ya rangi ya majani makavu.

"Ni kifuko cha maji tu," daktari alisema. "Na picha haionyeshi chochote cha kutia shaka."

"Maji!" Wifi alikaa wima kitandani. "Miaka yote nawafukuza watu kwa kutia maji kwenye mzigo, kumbe na mimi nimetia!"

Alicheka mpaka akafuta macho, na aliendelea kuyafuta kicheko kilipokwisha. Daktari akamsubiri, kisha akasema polepole, "Mama, nilikupa punguzo. Sikukupa bure. Mama yako na dada yako bado wamo kwenye hesabu yako. Kila mwaka uje."

"Miaka mitatu."

"Mmoja."

"Miwili, na nitakuletea wateja."

"Mmoja, mama."

Wifi akanigeukia. "Huyu angefaa uani kwangu." Akakubali mmoja.

Tuliporudi, aliiandika tarehe ya kurudi hospitali kwa chaki kwenye nguzo ya mizani, mahali ambapo hakuna anayepima kitu bila kuiona. Nilikuwa nimeshafungua duka na kuanza kukunja vitambaa, nikijihesabia ushindi, aliposimama mlangoni.

"Wifi, na wewe ya mwisho ulipigwa lini?"

"Ipi?"

"Usiniulize ipi. Lini?"

Nikasema nina wateja. Dukani hapakuwa na hata inzi.

Akautwaa ule mkasi wangu mezani, akanigeuzia mpini.

"Fungua," alisema.