Vitamini za Kioko

"Nani alikuambia ni vitamini, Kioko? Nani?"

"Chupa! Chupa ndiyo iliniambia! Imeandikwa vitamini, imechorwa chungwa limekatwa katikati. Sasa ulitaka niiombe kitambulisho?"

Shiru alikuwa akienda mlangoni na kurudi dirishani, mlangoni na dirishani, ndani ya chumba kile cha mtaa wa Najma, Doha, ambacho ni kidogo hivi kwamba mtu wa kitanda cha juu akipiga chafya, wa mlangoni ndiye anayepangusa pua. Vitanda vinne, ndoo mbili, na mashine ya baridi inayonguruma kama ng'ombe mwenye kinyongo.

"Githinji, keti. Unanizungusha kichwa."

"Usiniite Githinji!"

"Ukinikasirisha wewe ni Githinji. Ukitulia wewe ni Shiru. Si tulikubaliana?"

Githinji lilikuwa jina la pasipoti, na la beji anayovaa kule dobi ya hoteli, Al Sadd, anakopiga pasi mashuka tangu asubuhi mpaka vidole vinanuka mvuke. Shiru ndilo jina lake mwenyewe, la mwanamke aliye ndani ya ile beji. Kioko, mlinzi wa geti kutoka Machakos, alipolijua jina hilo alikaa juma zima akilitafuna tu. Kisha akaja na shati la kazi mkononi akasema, "Basi kama wewe ni Shiru, nishonee kifungo." Alishonewa, na mambo yakaishia hapo. Kama wale wenzao wawili, Job na Paul, ambao Ijumaa hiyo, siku ya mapumziko ya Doha, walikuwa wameenda kanisani, walijua au hawakujua, hawakuuliza.

"Nikae vipi na hicho kitu kiko pale?" Shiru akaonyesha dirishani.

Pale dirishani kulikuwa na kofia ya kazi ya Kioko, na chini ya kofia kulikuwa na kichupa cha maji kidogo na kijiti kimesimama ndani yake. Shiru alikuwa amekipitisha kijiti hicho kwenye fizi, juu na chini, kama alivyoelekezwa. Mstari mmoja ukitokea, ni heri. Ikitokea miwili, maisha ya Doha yamekwisha. Kadi yake ya ukaazi ilikuwa karibu kuisha, na kuibadilisha ni lazima damu ipimwe. Damu ikikutwa na virusi vya Ukimwi, kampuni haikuulizi umelala vipi; inakutafutia kiti cha ndege. Na ndege ingemshusha wapi? Nyeri, kwa baba, aketi sebuleni akiitwa Githinji na wajomba wote mpaka azeeke. Hapa angalau alikuwa na chumba kimoja duniani ambamo jina lake linatamkwa.

Simu ikalia kidogo. Shiru aliirukia kama paka.

"Edith anasemaje?" Kioko akauliza.

"Anasema tusichungulie. Wakati haujafika."

"Huyo mama wa kusuka nywele ndiye amekuwa daktari?"

"Nimekuambia hasuki nywele, Kioko! Hajawahi kusuka hata mkeka!"

Ukurasa wake mtandaoni ulikuwa na picha za misuko ya kila namna, ungedhani ni saluni ya Nairobi. Lakini mtu kama Shiru akiandika kwamba anataka kusukwa, anajibiwa na Edith, mshauri wa afya aliyekaa na simu tatu mezani. Haulizi jina la pasipoti, na hacheki. Anakuita dada kabla hujamwomba. Kupiga simu kutoka Doha kulikuwa kunagoma kila siku, kwa hiyo waliandikiana. Ni Edith aliyemweleza kwamba kuna vidonge vya kinga, unameza kimoja kila siku virusi visipate pa kukaa. Ni yeye aliyempangia vipimo alipoenda likizo nyumbani, na vidonge vilipoisha akamfungia vingine pamoja na kijiti cha kujipimia. Wairimu, anayefanya kazi za nyumbani kwa familia moja hapa Doha, alikuja navyo akirudi kutoka kwao, ndani ya pakiti ya unga wa wimbi.

Shida ikawa pa kuviweka. Makabati ya chumbani hukaguliwa kila Ijumaa na Reuben, msimamizi wa nyumba, mwenye pua inayonusa jiko la umeme la marufuku hata likiwa bado dukani. Lakini rafu ya vyakula Reuben haigusi. Shiru akavimimina vidonge kwenye chupa ya vitamini, akaiweka kati ya chumvi na majani ya chai. Na kwa kuwa cha kwenye rafu ni cha wote, sheria ya chumba hiyo, akatangaza mapema: "Hizi ni za kuotesha nywele. Chungu kama shubiri." Alidhani wanaume watatu hawana haja na nywele.

Kumbe paji la uso la Kioko lilikuwa limeanza kupanda juu, kila mwezi linadai eneo jipya.

"Ulimeza ngapi?"

"Kimoja kila nikienda zamu. Nikaona kama zinaota."

"Hazijaota!"

"Basi kuna kivuli. Na mimi si mwizi, Shiru. Sheria inasema ukimaliza unarudishia. Nilienda duka la dawa nikanunua zile zenye chungwa, nikajaza mpaka juu. Hata nikakuzidishia!"

Hapo ndipo Shiru alipoketi. Kwa sababu yeye humeza alfajiri, gizani, asiwaamshe wenzake. Majuma kwa majuma alikuwa akimeza machungwa ya Kioko huku akijiona amejikinga. Leo, siku ya mapumziko, ndipo alipomeza jua likiwa limechomoza, akaona kidonge cha rangi ya embe bivu.

Na katikati ya majuma hayo alikuwa ameonana na Ndirangu, dereva wa lori wa Industrial Area ya hapa Doha. Mara moja, muda umepita, na bila mpira, kwa kuamini vidonge. Alipomwandikia Edith asubuhi, Edith hakumkemea. Alimuuliza tu ni lini, akasema kwa muda huo dawa ya dharura imechelewa, ajipime na kile kijiti sasa hivi, na asianze vidonge vingine kabla hajajua.

"Muulize na mimi," Kioko akasema kwa sauti ya chini.

"Nini?"

"Kama... unajua. Kama nitaota matiti."

Shiru alitaka kumrushia ndoo. Badala yake kicheko kilimtoka puani, kikali, kama cha mtu anayelia. Akaandika. Jibu likaja upesi, akalisoma kwa sauti:

"Mwambie hataota matiti, wala nywele. Asimeze dawa ambayo hakuandikiwa. Akapimwe figo. Na yeye pia ajipime virusi."

"Mimi? Mwambie nina mke kule Mwala!"

Simu ikalia tena. "Anasema ndiyo maana."

Kioko akajipapasa paji la uso. Akachukua gilasi yake ya karaki, ile chai ya maziwa na hiliki, akaipuliza, hakunywa.

Nje mlango wa chumba cha jirani ukagongwa. Sauti ya Reuben ikasikika ikiuliza pasi ya umeme ni ya nani.

"Ameanza kukagua!" Shiru akasimama. "Kioko, nikitupe?"

"Wakati umefika?"

"Umefika. Sijui. Umefika!"

"Angalia basi."

"Siwezi. Angalia wewe."

"Mimi ndiye nimekuponza, halafu niangalie mimi?"

"Ndiyo maana!"

Kioko akainua kofia kwa vidole viwili, akachomoa kijiti, akakileta karibu na macho kisha akakisogeza mbali kama mzee anayesoma Biblia.

"Mmoja."

"Tazama vizuri."

"Mmoja, Shiru. Huku juu. Huku chini ni kweupe kama shuka zako."

Shiru akamshika mkono, akatazama mwenyewe, akatazama tena. Mmoja. Edith alikuwa ameshamwonya kwamba mmoja wa leo haumalizi maneno, ni lazima arudie baadaye ndipo wawe na hakika. Lakini ulikuwa mmoja. Machozi yakaanza kushuka bila kuomba ruhusa.

"Shiru," Kioko akasema, "mimi, nisame—"

Mlango ukafunguka bila hodi. Kofia ikarudi dirishani juu ya kichupa, na kijiti kikazama kwenye gilasi, ting'i ting'i, Kioko anakoroga.

"Habari za Ijumaa," Reuben akasema, akivuta pua. "Githinji, mbona macho mekundu? Na hiyo chai, imebaki?"